Kupaliwa, Kimeo na Ulishaji wa Watoto katika Nchi ya Buha

Waswahili wana maneno zaidi ya moja kwa mashaka ya koo. Mtu akinywa maji nayo yakaingia njia isiyo yao, husemwa amepaliwa. Mwiba wa samaki ukimkaa kooni asiweze kuumeza wala kuutoa, husemwa umemsakama. Na akizibwa pumzi kabisa, husemwa amekabwa. Tofauti hizi si mapambo ya lugha. Waliozitunga walikuwa wamemtazama mtoto akohoaye, na mtoto asiyeweza hata kukohoa, wakaona kwamba hizo si hali moja. Elimu ya utabibu nayo huzitenga vivyo hivyo: akohoaye kwa nguvu bado ana njia ya pumzi, naye huachwa akohoe, aliyenyamaza ghafula, midomo ikabadilika rangi, ndiye aliye karibu na kifo, na muda wake huhesabiwa kwa dakika chache.

Mwishoni mwa kaakaa laini hukaa kinyama kidogo kinachoning'inia, kiitwacho kimeo au kilimi; na chini zaidi, nyuma ya ulimi, pana kifuniko kiinamacho juu ya koromeo kila mtu amezapo. Jina la kidakatonge limepata kupewa vyote viwili, hiki na kile. Mkanganyiko wa jina ni jambo dogo, walakini mkanganyiko wa kazi za viungo hivi umewagharimu watoto wengi damu yao, kama itakavyoonekana mbele.

Buha ni nchi ya vilima na mabonde katika nyanda za juu za Kigoma, ikipakana na Burundi, na lugha ya wenyeji wake, Kiha, ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Zamani iligawanyika katika tawala mbalimbali, kila moja chini ya Mwami wake: Heru pande za Kasulu, Muhambwe na Buyungu pande za Kibondo. Ng'ombe walikuwa ndio heshima ya nchi. Wengi wao walikuwa mikononi mwa Watutsi, na Mha mkulima aghalabu alimpata ng'ombe kwa njia ya ubugabire, yaani kwa kujifunga katika utumishi wa mwenye mifugo. Basi maziwa hayakuwa chakula cha kila nyumba. Lakini yalikuwapo, na mtoto aliyeachishwa ziwa la mama aliweza kupata la ng'ombe, ingawa kwa ukungu wa bahati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikafyeka mifugo. Pori likasogea pale ng'ombe walipokuwa wakilisha, na pori likaja na mbung'o. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza, ikiogopa ugonjwa wa malale, iliwakusanya watu wengi wa Kibondo kutoka katika makazi yaliyotawanyika, ikawaweka katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa pori ili mbung'o wasipate maficho. Kwa malale hatua ile ilikuwa na maana yake. Kwa jikoni ilikuwa na maana nyingine: penye mbung'o ng'ombe hakai, na pasipo ng'ombe mtoto wa mwaka mmoja hulelewa kwa nafaka, kunde na mihogo. Mihogo yenyewe ilihimizwa sana na watawala wale kuwa kinga ya njaa. Huijaza tumbo upesi, lakini hujenga mwili kwa shida, na mtoto anayeila bila maharage wala dagaa huweza kushiba huku akidhoofika.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ikafungua njia ambayo Waha wengi waliifuata kwenda mashariki. Walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba hayo walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichoitwa SILABU, na Buha ilikuwa mojawapo ya nchi walizozitegemea. Historia ya manamba imeandikwa sana upande wa wanaume: mikataba, mabehewa, kambi, mishahara. Upande wa pili wa safari hiyo ulikuwa nyumbani. Mume akiwa Tanga, mke alilima peke yake, na mke anayelima peke yake hawezi kukaa kando ya mtoto kwa saa nzima akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Mtoto aliachwa kwa dada yake, msichana wa miaka sita au saba, ambaye naye ni mtoto. Huyu ndiye aliyekuwa mlishaji wa nchi. Alimpa mdogo wake kile alichokuwa akila yeye, kwa kiasi alichojua yeye, na mara nyingi wote wawili walikuwa wakicheza.

Sasa yatazamwe meno. Mtoto huota meno ya mbele aghalabu anapokaribia nusu ya mwaka wake wa kwanza au kupita hapo kidogo. Magego ya kwanza huja baada ya mwaka mmoja, na magego ya pili huja polepole mpaka mwaka wa tatu. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu mtoto anaweza kukata asichoweza kusaga. Ataing'ata karanga ikawa vipande viwili, na vipande viwili hivyo ataviviringisha mdomoni kama gololi. Akicheka, akilia, au akianguka wakati huo, pumzi anayoivuta huvichukua. Njia ya pumzi ya mtoto wa umri huo ni nyembamba, na tena kikohozi chake ni dhaifu kuliko cha mtu mzima. Ndiyo sababu vitabu vya utabibu, katika nchi zote, hurudia orodha ile ile ya vitu vya hatari: karanga, mbegu, punje, vipande vya nyama, sarafu. Katika Buha orodha hiyo huanza na harage. Nchi hii ni nchi ya maharage. Hukaushwa uani, hupurwa uani, huchambuliwa mkekani, na mtoto ajifunzaye kutambaa hutambaa juu yake. Harage bichi lina ubaya mwingine ambao sarafu haina: likikaa penye unyevu hunywa maji na kuvimba. Lililoingia likiwa dogo kuliko njia, kesho yake huweza kuiziba njia hiyo.

Wazee hawakuwa wajinga wa hatari hizi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mama alikitafuna chakula kigumu kwanza, akakilainisha, ndipo akampa mtoto. Akakopesha, kwa maneno mengine, magego yake mwenyewe. Desturi hiyo ililaaniwa na walimu wa usafi wa karne ya ishirini, na kwa upande wa magonjwa walikuwa na haki, kwani mate hubeba mengi, na baada ya kuja kwa UKIMWI sababu za kuiogopa ziliongezeka. Walakini waliolaani hawakusema sikuzote nini kiwekwe mahali pake. Kuambiwa "usimtafunie" bila kuambiwa "mpondee, mchujie, mmenyee maganda" ni kumnyang'anya mtoto magego ya mama kabla hajaota ya kwake.

Desturi nyingine haina utetezi huo. Mtoto akikataa uji, wako walezi, katika nchi nyingi za Afrika, waliomlaza chali mapajani, wakakinga kiganja mdomoni mwake kama bakuli, wakamimina. Wengine walimbana pua, ili akifungua mdomo kutafuta pumzi apate uji. Nia ilikuwa njema: mtoto asiyekula hufa, na kila mama amepata kuona mfano wake. Lakini mtoto alazimishwaye kuvuta pumzi na kumeza kwa wakati mmoja hufanya kile ambacho maumbile yalikiwekea kifuniko kisifanyike. Uji huingia pafuni. Siku mbili tatu baadaye huja homa na pumzi za haraka, na nyumbani husemwa kwamba mtoto alikuwa mgonjwa, ndiyo maana alikataa kula. Huenda ni kweli. Huenda pia ugonjwa wa pili uliletwa na tiba ya ule wa kwanza.

Hapa ndipo panapoingia kimeo. Mtoto akikohoa usiku, akatapika, akakataa ziwa, akakonda, mtu mzima humfungua kinywa akatazama. Anachokiona ni kinyama chekundu kilichovimba, kikigusa shina la ulimi. Aonaje asikilaumu? Kinaning'inia penye njia, na mtoto ana shida ya njia. Hukumu hiyo imetolewa na watu wengi mbali mbali wasiojuana: Ethiopia, Sudan, Nigeria, Niger, na nchi nyingine. Kimeo kimekatwa sana Tanzania bara na pwani, na ng'ambo ya mpaka wa Buha, katika Burundi na Rwanda, jambo hilo huitwa kwa jina la ikirimi, ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ni kilimi. Mkataji hukaa na mtoto aliyeshikwa na watu wazima, hukibana kimeo, hukikata kwa kisu kidogo au kifaa kingine cha aina hiyo, kisha hupaka dawa. Kazi huisha kwa muda mfupi kuliko muda wa kuisimulia.

Ukweli ni kwamba kimeo huvimba kwa sababu mtoto anakohoa na kutapika. Si kwamba mtoto anakohoa na kutapika kwa sababu kimeo kimevimba. Athari imechukuliwa kuwa chanzo. Kosa hili si la watu wasiosoma peke yao, kwani matabibu wa Ulaya nao waliwahi kukata kimeo kwa kikohozi kisichoisha, na vyombo walivyovitumia vinaonekana katika makumbusho ya utabibu mpaka leo. Kilichoipa desturi hiyo nguvu ni kwamba mara nyingi mtoto alipona. Mafua na kikohozi cha kawaida hupona vyenyewe baada ya siku kadhaa, na mkataji, akiwa ameitwa siku ya sita, huchukua sifa ya siku ya nane. Wale waliotokwa damu pasipo kukoma, au waliopata pepopunda, au waliooza koo, walihesabiwa kuwa wameletwa wakiwa wamechelewa.

Lakini hasara kubwa ya kimeo haikuwa kisu. Ilikuwa ni jibu. Mtoto wa Kasulu aliyevuta harage pafuni hupitia hali tatu. Kwanza hupaliwa ghafula, akakohoa vibaya, akabadilika rangi. Jambo hili huchukua dakika chache, na huenda aliyeliona ni yule dada wa miaka saba peke yake. Kisha hutulia. Harage limepita koromeo, limeshuka katika tawi moja la njia ya pumzi, aghalabu la kulia kwa kuwa ndilo pana na lililosimama wima zaidi, na mtoto hurudi kucheza. Utulivu huu ndio mtego. Baada ya siku au majuma huanza kikohozi kisichokoma, homa ijayo na kwenda, kukataa chakula, kukonda. Sasa mama anatafuta msaada, na dalili alizo nazo mkononi ni zile zile za kimeo, moja baada ya nyingine. Akienda kwa mkataji, jibu liko tayari. Akienda katika zahanati, nako aghalabu liko jibu lililo tayari: kichomi, na dawa ya kichomi. Dawa hupunguza homa kwa juma moja, kisha homa hurudi. Wako waliotibiwa kifua kikuu. Dada hajaulizwa.

Dawa ya kweli ya harage lililo pafuni ni kulitoa. Mwaka 1897, mjini Freiburg, daktari Gustav Killian wa Ujerumani alipitisha mrija mgumu kooni mwa mkulima mmoja akautoa mfupa uliokuwa umeingia katika njia ya pumzi. Na huo ndio mwanzo wa kazi hiyo katika utabibu wa sasa. Chevalier Jackson wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1958, aliifanya kuwa fani kamili. Alitoa vitu vya kila namna katika koo na mapafu ya watu, wengi wao watoto, akavihifadhi. Zaidi ya 2,000 vimewekwa katika makumbusho ya Mütter ya mji huo, pini kwa pini na mbegu kwa mbegu. Basi elimu ilikuwapo duniani tangu kabla reli haijafika Kigoma. Kilichokosekana Buha ni mrija, na mkono wa kuuongoza, na dawa ya usingizi, na mtu wa kusema kwamba mtoto huyu apelekwe. Hospitali za misheni, kama ile ya Wakatoliki ya Kabanga na ile ya Waadventista ya Heri, zilifanya mengi kwa uzazi, kwa malaria na kwa vidonda, lakini mrija wa Killian ni chombo cha hospitali kubwa. Kwa mtu wa Kibondo, hospitali kubwa ya rufaa aliyoitegemea ilikuwa Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo iko mbali kwa mamia ya kilomita. Dar es Salaam iko ng'ambo ya nchi nzima.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilielekeza afya vijijini. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Na kwa wazee wa Kibondo hiyo ilikuwa mara ya pili kuambiwa na serikali wabomoe nyumba zao wakakae pamoja. Safari hii, walau, kwa kijiji iliahidiwa zahanati. Mwaka 1973 redio ilieneza kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, vikundi vya watu wazima vikiketi kusikiliza na kujadili. Mwaka huo wa 1973 pia iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Elimu ya kwashakoo, ambayo ilikuwa imechunguzwa sana Mulago, Uganda, tangu siku za Dr. Hugh Trowell, ikashuka mpaka kliniki ya kijiji, na mtoto akapimwa kwa mizani ya kuning'inia kila mwezi, uzito wake ukaandikwa katika kadi.

Kadi ile ilikuwa jambo kubwa. Mama asiyejua kusoma aliweza kuona mstari ukipanda au ukilala. Lakini mizani hupima kilicho tumboni na mwilini. Haipimi njia kilichopitia. Mama aliambiwa mtoto ameshuka, aongezewe chakula. Mtoto ambaye hakula kwa sababu kila akimeza anapaliwa, huyo akirudishwa nyumbani na agizo la kuongezewa chakula, aliongezewa pia nguvu ya mkono unaomlisha.

Shida ya wingi ilikuwa na ufumbuzi mmoja uliotokana na jungu la pombe, nao unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. Uji wa unga ukiwa mwepesi huteremka vizuri, lakini ni maji matupu. Mtoto hujaa kabla hajashiba. Ukiwa mzito una nguvu, lakini hunata kooni, na mtoto mdogo huutema. Katika mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983, akina mama walifundishwa kutia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, kidogo tu, katika uji mzito. Kimea huuvunja wanga, na uji uliokuwa kama ugali hulegea mbele ya macho, huku nguvu yake ikibaki. Watengeneza pombe wa nchi hizi walikuwa wakiijua kazi ya kimea tangu zamani. Hakuna aliyekuwa amewauliza kwa ajili ya watoto.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kulienea Tanzania jibu jipya la mtoto asiyekula, nalo ni meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga mwenye homa na kuhara alifunguliwa kinywa, ufizi ukabonyezwa, na pale chonge za chini au za juu zilipokuwa hazijatoka pakaonekana weupe. Ikasemwa hayo ni meno mabaya, yang'olewe. Yaliyong'olewa yalikuwa machipukizi ya meno ya kweli, laini kwa kuwa hayajakomaa. Ndiyo sababu yalifanana na nailoni. Wataalamu wa meno walikuwa wamekwisha kuona mambo ya namna hiyo kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1960, na Warundi na Wanyarwanda wana jina lake, ibyinyo. Tofauti na kimeo, desturi hii haikuwa ya kale katika sehemu nyingi za Tanzania ilikofika, na jina lake lenyewe lashuhudia, kwani nailoni si kitu cha mababu. Yapasa jambo hili liwasumbue wale wadhanio kwamba desturi zenye madhara ni mabaki ya zamani yatakayokwisha yenyewe kadiri shule zinavyoongezeka. Hii ilizaliwa shule zikiongezeka.

Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakavuka mipaka. Kibondo na Kasulu zikawa nchi ya kambi: Mtendeli, Nduta na Kanembwa upande mmoja, Mtabila na Muyovosi upande mwingine, na Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambi hizo zilifungwa na kufunguliwa kama milango kwa upepo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015, Burundi ilipochafuka upya. Katika kambi mtoto alipimwa mara nyingi kuliko alivyopimwa kijijini, na uji wa unga wa mahindi na soya uligawiwa kwa wenye utapiamlo. Mwaka 2017 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa ukosefu wa fedha. Mama mwenye mgao pungufu hana nafasi ya kuchagua punje ipi ipondwe na ipi isipondwe.

Vituo hivi vilisaidia pia kuonekana kwa watoto ambao shida yao haikuwa njaa hata kidogo. Yuko mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, ambaye maziwa humrudi puani; huyo huhitaji kuketishwa wima, kukamuliwa maziwa, na kunyweshwa kwa kikombe au kijiko mpaka afanyiwe upasuaji. Yuko aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa, ubongo ukaumia, na misuli ya koo lake haitii amri. Huyo huchukua saa nzima kwa kikombe kimoja cha uji, na akiharakishwa hupaliwa. Zamani watoto hawa walihesabiwa kuwa wana kimeo, au wamerogwa, au wana ukaidi. Dawa yao ya kwanza ni namna ya kuwapakata: kichwa kisiegemee nyuma, kidevu kishuke kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo, na mlezi asubiri mpaka amewaona wamemeza. Jambo hilo halihitaji hospitali. Lahitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mke wa manamba hakuwa nacho, na mkimbizi apangaye foleni ya maji hana.

Yabaki zile dakika chache za mtoto aliyenyamaza. Bibi wa Kiafrika, akiona mtoto amekabwa, alimpindua kichwa chini akampiga mgongoni. Vitabu vya Ulaya vya zamani vilisema karibu hivyo hivyo. Mwaka 1974 Dr. Henry Heimlich wa Marekani alitangaza njia yake ya kumkumbatia mtu kwa nyuma na kumsukuma tumbo juu ya kitovu, ili hewa iliyobaki mapafuni ikitoe kilichoziba. Na kwa miaka mingi yeye na wafuasi wake walipinga kupiga mgongo, wakisema kunakisukuma kitu ndani zaidi. Lakini mwaka 2006 Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilikirudisha kipigo cha mgongo katika mafundisho yake. Mafundisho yaliyoenea sasa ni kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mwokoaji, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kiganja, kisha ageuzwe, asukumwe mara 5 katikati ya kifua. Tumbo lake lisiguswe, kwa kuwa ini lake liko wazi. Aliyepita mwaka mmoja hupigwa mgongo mara 5, kisha husukumwa tumbo mara 5. Na kadhalika mpaka kitu kitoke au mtoto alegee, ambapo huanzwa kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua. Bibi, basi, alikuwa na nusu ya jambo kabla ya Heimlich. Nusu aliyokosea ni kidole. Kuingiza kidole kooni kutafuta kitu kisichoonekana ndiko kunakokisukuma ndani. Na tonge la ugali, ambalo hupewa mtu mzima aliyesakamwa na mwiba wa dagaa, kwa mtoto asiyepumua ni kizibo cha pili.

Siku hizi barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imetiwa lami sehemu kubwa, na gari la wagonjwa halilali tena matopeni kama lililolala miaka ya masika makubwa. Tabibu wa wilaya mwenye kipima mapafu masikioni anaweza kusikia upande mmoja wa kifua una pumzi na upande wa pili umenyamaza, na hapo akaandika barua ya rufaa kwenda Mwanza siku hiyo hiyo. Lakini masikio huchelewa kusikia, na picha ya eksirei haioneshi harage, kwa kuwa harage si chuma. Aghalabu kinachomtambulisha mtoto wa namna hii ni simulizi ya siku ya kwanza. Mama akiulizwa kikohozi kilianza lini, husema majuma matatu. Akiulizwa kilianzaje, hufikiri, kisha humgeukia binti aliyesimama mlangoni na khanga ya kubebea mgongoni, aliyekuja naye kwa sababu ndiye amshikaye mtoto njiani. Na binti, ambaye hajasema neno tangu asubuhi, hueleza kwamba siku ile walikuwa wakipura maharage.